Sampuli ya Pampu ya Maji

Mafundi wengi hupewa majina kwa walichofanya. Nusu Inchi alipewa lake kwa alichokuwa nacho: kisanduku cha bati chenye spana kumi na tisa za vipimo vya inchi, urithi kutoka kwa fundi aliyemfundisha kazi. Dunia ilishahamia kwenye milimita. Mafundi wenzake walikwisha kuziuza zao kwa wanunuzi wa chakavu wala hawakugeuka nyuma. Yeye alizifuta kwa kitambaa chenye oili kila Jumamosi na kuzipanga kwa ukubwa, na matokeo yake yakawa kwamba kila mwenye gari la zamani lisiloshikika kwa spana za kawaida aliambiwa, "Kamwone Nusu Inchi." Ilisemwa kwa sauti ile ya daktari anayewashauri ndugu wamchukue mgonjwa wao wakamuuguzie nyumbani.

Alikuwa na miaka hamsini na nane, magoti mawili yasiyotaka kusikia habari za ngazi, na sikio la kulia lililokuwa zana yake kuu. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini inayonguruma, akaegesha sikio kwenye mpini, akafumba macho, halafu akasema, "Silinda ya tatu. Ringi zimechoka." Wakifungua, ndivyo. Kipaji hicho kingemfaa sana miaka thelathini iliyopita. Siku hizi gari huchomekwa waya likajisemea lenyewe linaumwa wapi, na wateja wa Nusu Inchi walikuwa wakipungua kwa njia mbili tu: magari kuuzwa, au wenyewe kuzikwa.

Aliishi vyumba viwili nyuma ya gereji. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani, maana mke wake alishona sare za shule, na mwezi wa Januari mtu hakuweza kukaa popote bila kukalia kola. Chumba cha pili kilikuwa cha kulala, kwa watu na kwa vyuma. Chini ya kitanda palikuwa na giaboksi mbili, kabureta saba na kichwa cha injini ya lori ambalo hakuna aliyekumbuka lilikuwa la nani.

"Wenzangu waume zao wanaficha wanawake," mke wake aliwaambia mashoga zake waliokuja kupimiwa sare za watoto. "Wangu anaficha giaboksi. Bora mwanamke, angalau angenisaidia kufagia."

Gari linalotuhusu hapa lilikuwa la michezo, la viti viwili, wazi juu, la rangi ya kijani iliyokwisha kufifia ikafanana na maji yaliyooshewa mboga. Kampuni iliyolitengeneza ilikufa zamani. Waliolikumbuka walikuwa wazee wachache wa ng'ambo, wanaotumiana picha za bolti kwenye mtandao kama watu wengine wanavyotumiana picha za wajukuu.

Mwenye gari alikuwa mpima ardhi mstaafu, na watu wote walimwita Mpima. Kwa miaka thelathini na minne alipanda na kushuka vilima na darubini yake ya miguu mitatu, akiwaonyesha watu mipaka ya mashamba yao, kazi iliyompatia adui mmoja kwa kila jiwe la mpaka. Gari alilinunua kwa mgeni aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Kila Jumapili alasiri alilipandisha barabara ya kilimani hadi kwenye mnara wa simu, akalizungusha, akarudi. Mkewe alikaa kando yake, ameshikilia kitambaa cha kichwa kwa mikono miwili. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na kustaafu hakukumpunguzia kitu. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu Mkuu. Mbele za watu, hata mumewe.

Kisha pampu ya maji ikaoza, injini ikachemka, gari likavutwa kwa kamba hadi gereji ya Nusu Inchi na kuegeshwa chini ya mabati. Likakaa miaka sita. Hakuna aliyekuwa na haraka. Mpima alikuja kila Alhamisi, wakanywa chai, wakalizungumzia gari kama ndugu aliye safarini, akarudi kwake. Nusu Inchi akatumia miaka hiyo kutengeneza kila kitu kingine: breki, kabureta, nyaya, viti. Mwishowe lilikuwa gari zima lisilo na pampu ya maji, sawa na mtu mwenye afya njema isipokuwa moyo.

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule wa sita Mpima alikuja Jumanne, tena na mkewe, na Nusu Inchi akajua kuna jambo.

"Nimetoka kwa daktari wa macho," Mpima akasema. "Anasema ni presha ya macho. Kuona kwangu kunajifunga kuanzia pembeni. Hivi sasa uso wako nauona vizuri, lakini huo mkono wa kushoto sijui umeshika nini."

"Nimeshika kikombe, mzee."

"Haya. Amenipa mwaka mmoja. Akasema ukibahatika, halafu akaanza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mfukoni mwake." Alipapasa mgongo wa gari. "Nataka kulipandisha kilimani mara moja. Mimi nimeshika usukani, Mwalimu Mkuu kando. Mara moja tu, nikiwa bado naona njia. Baada ya hapo fuga kuku humo."

"Mimi hujaniuliza kama nataka kupanda," Mwalimu Mkuu akasema kutoka kwenye benchi.

"Nakuuliza."

"Hicho kigari kilinipeperushia kitambaa cha hariri, mpaka leo hakijarudi." Akapangusa benchi kwa leso, ingawa alikuwa amekwisha kulikalia. "Nitapanda. Usipokuwa na mtu wa kukwambia kona ziko wapi, utaishia kwenye choo cha watu."

Nusu Inchi aliahidi. Hili linahitaji kusemwa kwa uangalifu, kwa sababu fundi kuahidi si habari. Lakini yeye, tofauti na wenzake, alikuwa na ugonjwa wa kukumbuka alichoahidi.

Kilichokosekana kilikuwa kitu kimoja: bodi ya pampu, kipande cha aluminiamu cha ukubwa wa ngumi mbili, chenye matundu manne ya bolti na shingo ya kupitishia maji. Ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu nyeupe mpaka ukiinua kwenye mwanga unaona jua upande wa pili. Nusu Inchi aliifunga kwenye taulo, akaitia mkobani, akaenda mtaa wa maduka ya spea.

Mtaa ule una sheria moja, nayo ni kongwe kuliko maduka yenyewe: leta sampuli. Unaweza kuja na jina la gari, mwaka wake, namba ya chesisi na kitabu chake kizima; muuzaji atakusikiliza kwa adabu na kukwambia leta sampuli. Neno la mtu haliaminiwi, karatasi haiaminiwi, hata picha ya simu hutazamwa kwa jicho la pembeni. Chuma kinaaminiwa. Ukikiweka kaunta, ndipo mazungumzo yanaanza.

Aliyejua zaidi mtaani pale alikuwa mwenye duka mmoja aliyeitwa Katalogi, kwa kuwa alikuwa na namba za spea elfu kadhaa kichwani na hakuwahi kukumbuka siku ya kuzaliwa ya mtoto wake yeyote. Katalogi aliishika sampuli, akaigeuza, akaigonga kaunta mara mbili kusikia mlio wake, akaipuliza.

"Gari gani hili, kaka?"

Nusu Inchi akamtajia.

"La mwaka gani?"

Akamtajia.

Katalogi akairudisha kwenye taulo taratibu. "Na mwenyewe bado yu hai?"

"Yu hai. Ana haraka."

"Haraka ya kwenda wapi na gari hili?" Wateja wengine wakacheka. "Nisikilize, fundi wangu. Hii huipati hapa. Huipati mji wa jirani. Huipati popote watu wanapozungumza kwa kufungua mdomo. Lakini niachie siku mbili niionyeshe watu."

Aliionyesha watu. Nao wakaionyesha watu. Katika miezi mitano iliyofuata ile sampuli ilisafiri kuliko gari lilivyosafiri katika miaka kumi. Ilikwenda kwa mabasi, ikapitia yadi za magari yaliyokufa, ikakaa wiki tatu dirishani kwa mtu wa pampu za visima ambaye aliipenda tu. Kila mahali waliishika, wakaigeuza, wakaigonga kaunta kusikia mlio wake. Iliporudi ilikuwa imepungua. Sikio moja la bolti lilikuwa limemeguka, na shingo ilikuwa na ufa mpya. Nusu Inchi aliifunga pamoja na kile kimeguko kwenye taulo lilelile, kama mtu anayekusanya meno ya babu yake.

Mwezi wa sita Mpima alianza kumimina chai pembeni ya kikombe. Aliimimina kwa utulivu na kwa usahihi mkubwa, sentimita nne kushoto.

Ndipo binti wa Mpima na Mwalimu Mkuu anayeishi ng'ambo akaingia kazini. Akatafuta kwenye mtandao, akawapata wale wazee wa picha za bolti, na mmoja wao akawa na bodi ya pampu mpya kabisa, bado imefungwa kwenye karatasi yake ya nta. Wakamtaka namba ya chesisi, ili wasikosee. Nusu Inchi akakisugua kibati cha chesisi kwa petroli, akaisoma namba kwa sauti mara mbili kwenye simu, binti akaiandika. Ikachukua wiki kumi kufika.

Waliifungua Alhamisi, wote watatu, Mwalimu Mkuu akiwemo. Ilikuwa nzuri. Ilingʼaa kama kijiko cha wageni. Mpima aliishika karibu na pua, akaizungusha ili ipite yote ndani ya kile kipande kidogo cha kuona alichobakiwa nacho, akasema, "Matundu matatu."

"Manne," Nusu Inchi akasema.

"Mimi nimehesabu mawe ya mpaka maisha yangu yote. Matatu."

Yalikuwa matatu. Nusu Inchi aliegemea gari, na hapo, akiwa ameshika kitu kilichotoka upande mwingine wa dunia, akakumbuka mchana mmoja wa zaidi ya miaka thelathini iliyopita, yeye akiwa bado mwanafunzi wa kazi, ameshikilia mnyororo huku mwalimu wake akishusha injini ndani ya gari la kijani la yule mgeni. Injini ya gari lingine, la toleo la nyuma. Chesisi ilikuwa ya mwaka mmoja na injini ya mwaka mwingine. Namba ilikuwa sahihi kabisa. Ilikuwa sahihi kwa gari ambalo halikuwepo tena.

"Mnyororo niliushika mimi," aliwaambia. Hakuwa na sababu ya kuwaambia. Angeweza kuwasingizia wazee wa ng'ambo.

"Basi wewe ndiye shahidi pekee aliye hai," Mwalimu Mkuu akasema, "na umeitwa baada ya hukumu."

Mlango mmoja ulibaki. Nje kidogo ya mji kulikuwa na mzee anayeyeyusha aluminiamu na kusubu sufuria, ambaye wateja walimwita Msubi. Alikuwa na tanuru la matofali, masanduku ya mchanga wa kalibu, ambamo umbo la sampuli hupigwa chapa, na vidole visivyo na alama za vidole, kwa kuwa zilishaungua zote. Nusu Inchi alimwendea na ile pampu mpya yenye matundu matatu, kumuuliza kama anaweza kutoa kazi ya namna hii.

Msubi akaitazama. "Naweza. Mchanga wangu unashika hata alama ya unywele."

"Nataka itoke safi kama hii."

"Itatoka. Lakini aluminiamu yangu ya sufuria ni laini, haifai injini. Niletee ya pistoni. Pistoni chakavu, gunia zima, maana nyingine inaungua ikawa takataka. Na uniachie hii niitazame tazame."

Akamwachia. Baada ya wiki moja, akiwa amekusanya pistoni kuukuu kutoka gereji zote alizoheshimiwa na mbili ambazo hakuheshimiwa, Nusu Inchi alijaza gunia. Juu ya pistoni aliweka lile taulo na pampu ya zamani ndani yake, matundu manne, pamoja na kimeguko chake. Akalifunga gunia kwa kamba, akalipakia kwenye pikipiki ya kukodi, akalishika kwa magoti njia nzima.

"Umeleta?" Msubi akauliza huku akichochea tanuru.

"Nimeleta. Kila kitu kimo humo ndani ya gunia."

"Vizuri. Njoo alasiri."

Nusu Inchi akaenda kutafuta beringi na mpira wa pampu. Kila neno lililosemwa lilikuwa la kweli. Msubi alikuwa na sampuli yake juu ya rafu, mpya, inayongʼaa, na maagizo ya kuifuata. Alikuwa na gunia la chakavu, na juu ya chakavu, katika taulo, chakavu kilichochakaa kuliko vyote. Alilitikisa taulo, akalianika kwenye kamba, kwa kuwa lilikuwa bado zuri.

Alasiri Nusu Inchi alirudi akakuta pampu mbili juu ya ubao, zimekaa kama mapacha. Matundu matatu, na matundu matatu.

"Itazame, kaka," Msubi akasema. "Hebu niambie ipi ni ya kununua."

Nusu Inchi alizitazama. Kisha akatazama kwenye kamba, akaliona taulo.

Inasemekana aliketi juu ya sufuria mpya na kuibonyeza. Msubi alipoelewa, alikaa naye chini, akaanza kujilaumu, na Nusu Inchi akamkataza. "Mimi ningeyeyusha hiyohiyo," akasema. "Fundi yeyote angeyeyusha hiyohiyo."

Nyumbani kwa Mpima alifika siku ya pili, na mkoba. Sebule yao ilikuwa na ramani ukutani na viti vilivyopangwa upya ili kuwe na njia moja iliyonyooka kutoka mlangoni hadi kwenye kochi. Mpima alikuwa kwenye kochi. Nusu Inchi aliziweka pampu mezani mbele yake, na mzee akazipapasa, moja kwa kila mkono.

"Ni mbili."

"Mbili, mzee."

"Zinafanana."

"Zinafanana sana. Yule bwana anajua kazi."

"Matundu matatu." Vidole vikazunguka. "Hii nayo matatu. Na yetu iko wapi?"

"Yetu ndiyo hiyo, mzee. Ya mkono wa kulia."

Mpima aliirudisha pampu mezani kwa uangalifu, lakini pembeni kidogo, na Mwalimu Mkuu akaidaka kabla haijaanguka.

"Mwezi wa kwanza," Mpima akasema, "nilikwambia niachie hiyo pampu niipime, niichore karatasi, kila tundu na kila kona. Macho yalikuwa bado yanaweza. Ukanijibu nini?"

"Nilisema karatasi haifungwi bolti."

"Ulisema hivyo."

"Na wewe ulicheka," Mwalimu Mkuu akamwambia mumewe. "Msitake kumtwisha mtu mmoja. Mlicheka wote wawili, mkagongeana mikono kama watu wazima." Akamgeukia fundi. "Nimesahihisha makosa kwa miaka thelathini na saba. Sijawahi kuona lililofanywa kwa usafi namna hii. Kaa, nikuletee chai."

Alikaa. Hakuna aliyemfukuza, na hilo ndilo lililomfanya ashindwe kunywa.

Katika kazi nyingine yoyote habari ingeishia hapo. Lakini fundi asiye na sampuli bado ana grinda, na Nusu Inchi alirudi gerejini na kufanya kile ambacho mafundi hufanya wanapoishiwa: alilazimisha. Alikata bamba nene la chuma, akatoboa upande mmoja matundu manne ya injini na upande wa pili matatu ya pampu, akalipachika katikati. Lilifunga. Lakini pampu sasa ilikuwa imesogea mbele kwa upana wa kidole, na feni ikawa inakula rejeta, kwa hiyo akaiondoa feni. Mkanda ukawa unakwenda upande, akasogeza jenereta. Na tundu la maji la pampu likakutana na tundu la injini nusu tu, kama mwezi unaopatwa, na kwa hilo hakuna alichoweza kufanya. Kukata zaidi kungekuwa kukata njia ya oili.

Mke wake alikuja kumtazama, pini za kushonea ziko mdomoni. "Linawaka?"

"Linawaka."

"Linakwenda?"

"Dakika tisa. Halafu linachemka."

Akazitoa pini. "Baba watoto, dakika tisa ni safari ya kwenda wapi?"

Alikuwa amekwisha kulipigia hesabu. Kufika mnarani kulitaka dakika kumi na moja kwa gari zima. Lakini kona ya kwanza ya kilima ilikuwa dakika tatu kutoka langoni. Tatu za kwenda, tatu za kurudi, mbili za kugeuza, moja ya Mungu. Haikuwa kile alichoahidi, ila ilikuwa barabara, na ilikuwa inapanda.

Walikubaliana asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, saa nne, jua likiwa limeshapanda. Lango la chuma Nusu Inchi alilifungua mwenyewe tangu alfajiri, akalifunga kwa waya kwenye nguzo lisije likasukumwa na upepo. Mpima alikuja ameshikwa mkono. Wakati huo alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na siku nyingine nalo hilo tundu lilikuwa na ukungu, jambo ambalo alikuwa hajamwambia fundi. Mwalimu Mkuu alivaa kitambaa cha kichwa, amekifunga kwa pini mbili.

"Sindano ya joto ikifika kwenye nyekundu, unazima palepale," Nusu Inchi akasema. "Hata kama uko katikati ya barabara."

"Sindano nitasoma mimi," Mwalimu Mkuu akasema. "Wewe ondoka mlangoni."

Gari liliwaka mara ya pili. Ilikuwa sauti ya chini, nzito, isiyo na mkwaruzo wowote, na Nusu Inchi, aliyekuwa hajaisikia chini ya mguu wa mwenyewe kwa miaka sita, aligeuza uso upande wa mabati. Mke wake alikuwa ametoka na nusu ya sare mkononi. Mpima aliingiza gia bila kupapasa. Likatoka chini ya mabati, likaingia juani, likanyooka katikati ya uwanja, hatua ishirini, sawasawa kama limevutwa kwa uzi, na mbele ya lango likasimama.

Mpima alisubiri. Injini ilinguruma polepole. Mbele yake lango lilikuwa wazi pande zote mbili, na nje barabara nzima ilikuwa ikipita: baiskeli, mtu na mkokoteni wa maji, mama na miavuli miwili, mmoja ameufungua.

"Lango," Mpima akasema. "Mbona hamjafungua?"

Mwalimu Mkuu alimtazama mumewe, akatazama barabara, akamtazama yule mwenye mkokoteni aliyekuwa sasa ameegesha katikati ya njia kufunga kamba ya kiatu. Halafu akamtazama Nusu Inchi, muda mrefu, jinsi alivyokuwa akiwatazama walimu wapya mlangoni mwa darasa.

"Mlinzi, mzee," Nusu Inchi akasema. "Kaondoka na ufunguo."

"Kaenda wapi?"

"Kunywa chai."

"Saa hizi? Aitwe."

"Ameshaitwa, mzee. Yuko njiani."

Hakuna aliyeondoka kwenda kumwita. Mpima alikanyaga mafuta kidogo kila injini ilipopunguza, asije akaiacha ikazima. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani, mahali pale panapofundishwa. Akamweleza mkewe kuhusu kona ya kwanza, kwamba inadanganya, inaonekana pana na si pana, unaiingia kwa gia ya pili. Mkewe akasema anaikumbuka. Akamwuliza sindano iko wapi.

"Katikati."

Baadaye akauliza tena.

"Imevuka katikati."

"Huyu mlinzi anakunywa chai ya mtungi gani?"

"Nitamshtaki kwa mwenye uwanja," Mwalimu Mkuu akasema. "Leo hii hii."

Ndipo pikapu ya mteja ikakata kona kutoka barabarani, ikapita langoni, ikawapita upande wa kulia kwa umbali wa mkono mmoja, na kwenda kuegesha nyuma kwenye kivuli. Dereva akashuka akafunga mlango kwa kishindo. Nusu Inchi hakusogea. Mke wake aliiweka ile sare mdomoni.

Mpima alikuwa amegeuza kichwa kuufuata mlio ule tangu ulipoingia mpaka ulipokoma.

"Huyo kapita wapi?" akauliza.

"Ukutani," Mwalimu Mkuu akasema.

Mpima aliwaza jibu hilo kwa muda. Aliwaza bila haraka, kama mtu aliyepewa kipimo kisicholingana na kile alichoandika yeye, na anayejua kwamba kimojawapo kitabidi kifutwe.

"Sindano?"

"Imefika."

Ilikuwa kweli imefika. Mpima alizima injini, akachomoa ufunguo, akaunyoosha mkono nje ya gari ili fundi auchukue. Ndani ya boneti maji yaliendelea kuchemka peke yake, na matone ya kwanza yakaanza kudondoka kwenye ardhi nyeusi, upande wa lile bamba.